Kuamuru si Kutimiza: Hali za Umeme za Vifaa Pepe na Ubunifu wa Amri Zake

Kompyuta nyingi za mezani zina kitufe kimoja tu cha kuwashia na kuzimia. Ingawa kitufe ni kimoja, amri zilizomo ndani yake ni mbili. Mtu akikibonyeza mara moja na kukiachia, kompyuta haikatiwi umeme hapo hapo. Inapewa taarifa tu kwamba mwenyewe anataka kuizima. Programu zilizo wazi huhifadhi kazi zake, diski humaliza kuandika, na mwisho ndipo umeme hukatwa. Lakini mtu huyo akikishikilia kitufe kile kile kwa muda upatao sekunde 4, kompyuta huzimika bila kungoja programu yoyote, hata kama barua iliyokuwa ikiandikwa imefika katikati ya sentensi.

Amri ya kwanza ni ombi. Amri ya pili ni shuruti. Tofauti hii ndiyo msingi wa somo hili. Mtu anayebuni amri za kusimamia umeme wa vyombo hana budi kujua, kwa kila amri, kama anaomba au analazimisha. Tena hana budi kujua jambo la pili, ambalo husahauliwa mara nyingi zaidi: kwamba amri kupokelewa si sawa na amri kutimizwa.

Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa kutumia vifaa pepe, kwa sababu katika vifaa hivyo mwanafunzi anaweza kukosea, akaanza upya, wala asiunguze kitu.

KOMPYUTA PEPE NA VIFAA VYAKE

Kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na chuma wala nyaya zake yenyewe. Huigizwa na programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na ile pepe huitwa mgeni. Programu inayompokea mgeni, ikamgawia kumbukumbu, diski na muda wa kazi, huitwa msimamizi.

Wazo hili si geni. Katikati ya miaka ya 1960 wataalamu wa kampuni ya IBM waliokuwa Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, walitengeneza mfumo ulioigawa kompyuta moja kubwa kuwa kompyuta pepe kadhaa, ili kila mtumiaji aone kana kwamba ana mashine yake peke yake. Mwaka 1972 kampuni hiyo ilitangaza mfumo wa VM/370 uliojengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 2003 Mfaransa Fabrice Bellard alitoa programu iitwayo QEMU, ambayo huigiza kompyuta za aina nyingi na hutolewa bila malipo. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuitumia kujifunzia.

Kompyuta pepe nayo ina vifaa: diski, kadi ya mtandao, kiwambo, kibodi. Vifaa hivi pia ni pepe. Mfumo endeshi wa mgeni unapotaka kuituma data kupitia kadi ya mtandao, huandika tarakimu katika rejista za kadi hiyo, yaani vijisanduku maalumu vya kupokelea amri. Kwa kuwa kadi yenyewe haipo, msimamizi hulinasa andiko lile, hulisoma, na kutenda kile ambacho kadi ya kweli ingetenda. Mgeni hatambui tofauti.

Basi, umeme wa kifaa pepe ni nini? Ni habari iliyoandikwa katika kumbukumbu ya mwenyeji: kifaa hiki kipo macho, kile kimelala. Hata hivyo habari hiyo si mchezo. Mfumo endeshi wa mgeni huiamini na kupanga kazi zake kwa kuifuata. Diski pepe ikiondolewa ghafla, faili zilizokuwa zikiandikwa huharibika kama ambavyo zingeharibika katika diski ya chuma.

Kuna faida kubwa ya kuweza kuzibadili hali hizi wakati mgeni akiendelea na kazi, bila kumsimamisha. Mtengenezaji wa programu anaweza kujaribu kinachotokea umeme wa kifaa unapokatika saa ya kazi, akarudia jaribio hilo mara mia, bila kuharibu hata kifaa kimoja halisi. Msimamizi wa mitambo anaweza kuongeza diski au kuiondoa bila kuwakatizia kazi watumiaji. Ili mambo hayo yawezekane, lazima ziwepo amri, na lazima amri hizo zibuniwe kwa uangalifu.

HALI NNE ZA UMEME

Watu wengi hudhani kwamba kifaa cha umeme kina hali mbili tu, kuwaka na kuzimika. Taa iko hivyo, lakini vifaa vya kompyuta sivyo. Mwezi Desemba 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni ziitwazo ACPI, zinazoeleza jinsi mfumo endeshi unavyosimamia umeme wa kompyuta. Katika kanuni hizo hali za vifaa hupewa majina ya herufi D na tarakimu. Tarakimu inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo usingizi unavyozidi kuwa mzito na matumizi ya umeme kupungua.

Kanuni za vifaa vya aina ya PCI, zilizotolewa mwaka 1997, zilifuata majina hayo na kutenga biti 2 katika rejista ya kila kifaa kwa ajili ya kuandikia hali yake. Kwa kuwa kila biti huwa 0 au 1, biti 2 hutoa michanganyiko 2 × 2 = 4, ambayo inatosheleza hali nne:

Hali D0, biti 00: kifaa kipo macho na kinafanya kazi. Hali hii ni ya lazima kwa kila kifaa.
Hali D1, biti 01: usingizi mwepesi. Si lazima kifaa kiwe nayo.
Hali D2, biti 10: usingizi mzito zaidi. Nayo si lazima.
Hali D3, biti 11: usingizi mzito kabisa. Ni ya lazima.

Hali ya D3 imegawanyika sehemu mbili. Katika D3 ya moto kifaa kimelala, lakini bado kinapata umeme kidogo, na rejista zake zinaweza kusomwa. Katika D3 ya baridi umeme wa kazi umekatwa. Hapo hakuna rejista ya kusoma wala ya kuandika, na kifaa kikirudishiwa umeme huanza upya na kuwa kimesahau mipangilio yake. Kwa sababu hiyo D3 ya baridi haina biti zake: kifaa hakiwezi kuandikiwa habari ya kukatiwa umeme wakati umeme umekwisha kukatwa.

NJIA ZINAZORUHUSIWA

Kifaa hakiwezi kutoka hali yoyote kwenda hali nyingine yoyote. Kanuni za PCI zinaruhusu njia hizi tu kwa amri ya kuandika katika rejista:

Kutoka D0: kwenda D1, D2 au D3.
Kutoka D1: kwenda D0, D2 au D3.
Kutoka D2: kwenda D0 au D3.
Kutoka D3 ya moto: kwenda D0 tu.

Msomaji atatambua utaratibu uliomo. Kifaa huweza kushuka katika usingizi mzito zaidi, kwa hatua moja au kwa kuruka. Lakini kinapoamka, huamka kabisa, hadi D0. Hakuna njia ya kupanda kutoka D2 hadi D1. Anayetaka kifaa kifike D1 hana budi kukiamsha kwanza hadi D0, kisha kukilaza tena.

Kuamka nako kuna muda wake. Programu inayokiamsha kifaa kutoka D2 inatakiwa kungoja mikrosekunde 200 kabla ya kukigusa, na inayokiamsha kutoka D3 ya moto kwa kawaida inatakiwa kungoja milisekunde 10. Kwa binadamu muda huo si kitu, bali kwa prosesa inayotenda mamilioni ya hatua kwa sekunde ni muda mrefu. Programu isiyongoja hukigusa kifaa kikiwa bado na usingizi, ikapata majibu yasiyo na maana. Hapa pana tahadhari kwa mtu anayebuni kifaa pepe. Kifaa pepe huweza kuamka mara moja, kwa kuwa hakina umeme wa kutulia. Lakini kikiamka upesi hivyo, kosa la programu isiyongoja halitaonekana katika jaribio. Litaonekana baadaye, programu itakapopelekwa kwenye kifaa halisi. Mwigo mzuri huiga hata uzito wa usingizi.

Sasa lije swali gumu zaidi. Ikiwa kifaa hakina hali ya D1, na programu ikaandika biti 01 katika rejista yake, kutatokea nini? Mtu angetarajia kosa litangazwe. Sivyo. Kanuni zinasema kwamba andiko hilo lipokelewe kama kawaida, bila kosa lolote kutolewa, lakini tarakimu zenyewe zitupwe na hali ya kifaa isibadilike. Programu inayodhani kwamba kupokelewa ni kutimizwa itaendelea na kazi ikiamini kifaa kimelala, kumbe kipo macho. Dawa yake ni moja: baada ya kuandika, kusoma tena. Kuuliza si ujinga.

MASHARTI MATANO YA AMRI NJEMA

Kutokana na maelezo hayo yanapatikana masharti matano ambayo mbunifu wa amri za umeme anapaswa kuyazingatia.

Sharti la kwanza: amri itaje hali inayotakiwa, isitaje badiliko. Tuseme mbunifu ameweka amri moja iitwayo GEUZA, inayowasha kifaa kilichozimwa na kuzima kinachowaka. Amri hiyo inaonekana fupi na nyepesi. Lakini fikiria kwamba kifaa kinawaka, mwendeshaji akatuma GEUZA, kifaa kikazimika, na jibu likapotea njiani. Mwendeshaji asipopata jibu atadhani amri haikufika, naye ataituma tena. Kifaa kitawaka. Mwendeshaji alitaka kuzima, ametuma amri mara mbili, na kifaa kinawaka. Kama amri ingekuwa ZIMA, kuirudia kusingedhuru, kwa maana kifaa kilichozimika kikiambiwa kizimike hubaki kama kilivyo. Amri ya namna hii, ambayo kuirudia mara nyingi ni sawa na kuitoa mara moja, ndiyo inayofaa popote ambapo ujumbe unaweza kupotea.

Sharti la pili: ombi na shuruti ziwe amri mbili zenye majina mawili. Katika QEMU, amri iitwayo "system_powerdown" ni ombi. Humpelekea mgeni ishara kana kwamba kitufe cha kuzimia kimebonyezwa, na mgeni ndiye anayeamua la kufanya. Anaweza hata kulipuuza. Amri ya "quit" ni shuruti: huifunga programu nzima inayomwigiza mgeni. Majina nayo yachaguliwe kwa busara. Katika zana nyingine ya kusimamia kompyuta pepe, iitwayo libvirt, amri ya kumkatia mgeni umeme huitwa "destroy", neno la Kiingereza lenye maana ya kuangamiza. Wanafunzi wengi huiogopa wakidhani inafuta diski ya mgeni, kumbe inakata umeme tu. Jina linalosema zaidi ya tendo hutisha bure, na jina linalosema pungufu ya tendo huleta hasara.

Sharti la tatu: jibu la kupokea litengwe na taarifa ya kutimia. QEMU ina amri ya kukiondoa kifaa wakati mgeni akiwa kazini, nayo ni "device_del". Jibu la amri hiyo huja upesi, lakini halina maana kwamba kifaa kimekwisha ondoka. Lina maana kwamba mgeni ameombwa akiachie. Mgeni akikiachia, ndipo taarifa nyingine hutolewa, iitwayo "DEVICE_DELETED". Mpaka taarifa hiyo ifike, kifaa kihesabiwe kuwa bado kipo mikononi mwa mgeni. Utaratibu huu unafanana na adabu ya nyumbani: mwenyeji hamnyang'anyi mgeni sahani angali anakula. Humwuliza, naye akimaliza husukuma sahani, na hapo ndipo huondolewa.

Sharti la nne: iwepo amri ya kuuliza, nayo isibadilishe kitu. Mwendeshaji lazima aweze kujua hali ya sasa wakati wowote. QEMU ina amri ya "query-status" inayoeleza kama mgeni anaendelea na kazi au amesimamishwa. Amri ya kuuliza ikibadilisha hali ya kile kinachoulizwa, hakuna atakayeweza kuliamini jibu lake.

Sharti la tano: kila amri ibebe namba yake, na jibu lirudi na namba ile ile. Mwendeshaji anaweza kutuma amri kadhaa kwa mfululizo, na majibu yakafika kwa nyakati tofauti. Bila namba, jibu moja la "kosa" haliwezi kujulikana ni la amri ipi. Amri zinazotumwa kwa QEMU na programu nyingine huweza kubeba alama ya namna hiyo, na jibu huirudisha kama ilivyo.

MFANO: KUIONDOA DISKI PEPE

Ili masharti hayo yaonekane yakitenda kazi, tuchukue mgeni mwenye diski pepe ya pili ambayo sasa inatakiwa iondolewe. Mazungumzo kati ya mwendeshaji, msimamizi na mgeni huenda hivi:

1. Mwendeshaji anauliza: diski ya pili ipo katika hali gani? Msimamizi anajibu: ipo, D0.
2. Mwendeshaji anatuma amri namba 7: omba diski ya pili iondolewe.
3. Msimamizi anajibu: amri namba 7 imepokelewa. Diski bado ipo.
4. Msimamizi anampelekea mgeni ishara ya kuomba diski iachiwe.
5. Mfumo endeshi wa mgeni unamaliza maandishi yaliyobaki, unafunga faili, kisha unaiachia diski.
6. Msimamizi anaiondoa diski na kutoa taarifa: diski ya pili imeondolewa.
7. Mwendeshaji anauliza tena, na kujibiwa: diski ya pili haipo.

Hatua ya 5 ndiyo isiyo na uhakika. Mgeni anaweza kuwa ndiyo kwanza anawaka, na mfumo endeshi wake haujawa tayari kusikia ombi. Anaweza kukataa, au akawa ameganda. Kwa hiyo mwendeshaji hana budi kuweka kikomo cha kungoja. Kikomo kikifika bila taarifa ya kutimia, jambo linalofaa ni kutangaza wazi kwamba ombi halijatimia na kumwachia mtu aamue. Chombo kinachogeuza ombi kuwa shuruti chenyewe, kimya kimya, humfanya mwendeshaji asijue kama kazi iliyokuwa katika diski imepona au imepotea.

Kuna utaratibu mwingine wa kufuatwa pale vifaa vinapotegemeana. Kifaa kinachopitishia wengine data hakipaswi kulala kabla ya wale wanaopitia kwake. Vilivyo chini hulala kwanza, kilicho juu hulala mwisho; wakati wa kuamka, kilicho juu huamka kwanza. Ni kama nyumba ambamo mwenye ufunguo wa lango hulifunga baada ya wote kuingia, na alfajiri huwa wa kwanza kulifungua.

KWA NINI ISIKATWE TU?

Huenda mwanafunzi akauliza: taabu yote hii ya nini, ikiwa shuruti huzima papo hapo? Jibu limo katika jinsi mifumo endeshi inavyoandika faili. Kuandika katika diski ni kazi ya polepole ikilinganishwa na kuandika katika kumbukumbu. Kwa hiyo mfumo endeshi huyaweka maandishi kwanza katika kumbukumbu, humwambia mtumiaji kwamba yamepokelewa, kisha huyapeleka kwenye diski baadaye kwa makundi. Katika mfumo wa Linux, kwa mpangilio wa kawaida, maandishi huweza kukaa katika kumbukumbu kwa muda wa takriban sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa yamechelewa na kupelekwa kwenye diski, isipokuwa programu ikiomba yapelekwe mara moja.

Hapa tena inaonekana kwamba kupokelewa si kutimizwa. Karani wa shule akiingiza alama za mtihani za darasa zima, na umeme wa diski ukakatwa kwa shuruti sekunde 10 baadaye, alama za mwisho huweza kupotea ingawa kiwambo kilimwonyesha kwamba zimeingia. Hali ni hiyo hiyo kwa kumbukumbu za mgonjwa hospitalini au hesabu ya akiba ya chama cha ushirika. Mifumo mingi ya faili ina daftari la ndani linaloisaidia kujitengeneza baada ya umeme kukatika. Daftari hilo huokoa mpangilio wa faili, lakini haliwezi kuyarudisha maandishi ambayo hayakuwahi kufika kwenye diski.

Haina maana kwamba shuruti ni mbaya siku zote. Mgeni aliyeganda hasikii ombi, na hapo shuruti ndiyo njia pekee. Tena mtu anayepima uimara wa programu hutumia shuruti kwa makusudi, ili aone programu itakavyoinuka baada ya kuanguka. Hilo ndilo jaribio ambalo si rahisi kulifanya kwa diski halisi mara mia, lakini kwa diski pepe lawezekana, mradi mjaribu ametunza nakala ya diski hiyo kabla ya kuanza. La msingi ni kwamba anayetumia shuruti awe amekusudia kuitumia.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili halihitaji kompyuta. Mwalimu achague wanafunzi wanne: mwendeshaji, mjumbe, kifaa na mwandishi. Mwendeshaji na kifaa wakae pembe mbili za darasa wakipeana migongo. Mwanafunzi aliye kifaa ashike kadi yenye upande wa WASHWA na upande wa ZIMWA, na kuionyesha kwa darasa. Mjumbe apeleke amri na kurudisha majibu yaliyoandikwa katika vikaratasi.

Katika duru ya kwanza itumike amri ya GEUZA tu. Mwalimu amwambie mjumbe kwa siri apoteze jibu moja kati ya kila majibu matatu. Mwendeshaji akikosa jibu, aitume amri tena. Mwandishi aandike ubaoni, baada ya kila amri, hali ambayo mwendeshaji anaiamini na hali ya kweli ya kifaa. Baada ya amri chache safu hizo mbili zitaanza kutofautiana.

Katika duru ya pili itumike WASHA na ZIMA, huku mjumbe akiendelea kupoteza majibu kama awali. Darasa litaona kwamba kila mara mwendeshaji apatapo jibu baada ya kurudia, safu mbili hukubaliana tena. Katika duru ya tatu iongezwe amri ya ULIZA, kisha wanafunzi waeleze kwa maneno yao wenyewe ni nini kilichobadilika.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kati ya hali nne, D0 hadi D3, kuna jozi ngapi za kutoka hali moja kwenda nyingine? Ni ngapi zinazoruhusiwa, na ni zipi zinazokatazwa?
2. Muda wa kungoja wakati wa kuamka kutoka D3 ya moto ni mara ngapi ya ule wa kuamka kutoka D2?
3. Kifaa fulani kina hali za D0 na D3 tu. Programu imeandika biti 10 katika rejista yake kikiwa D0. Ikisoma tena, itapata biti gani? Eleza.
4. Waendeshaji wawili wanasimamia kifaa kimoja. Wa kwanza ametuma ZIMA, lakini ujumbe wake umechelewa njiani. Wa pili ametuma WASHA na kupata jibu la kutimia. Kisha ZIMA iliyochelewa ikafika. Buni kanuni itakayozuia mkanganyiko huo.
5. Orodhesha vyombo vitatu vya nyumbani au shuleni vyenye kitufe cha kugeuza, na ueleze jinsi mtumiaji anavyojua hali ya chombo kabla ya kukibonyeza.

Majibu ya hesabu: swali la 1, jozi ni 4 × 3 = 12; zinazoruhusiwa ni 9, na zinazokatazwa ni 3, yaani D2 kwenda D1, D3 kwenda D1 na D3 kwenda D2. Swali la 2, milisekunde 10 ni mikrosekunde 10,000; 10,000 ÷ 200 = mara 50. Swali la 3, itapata 00, kwa kuwa andiko limetupwa na kifaa kimebaki D0.

HITIMISHO

Kifaa pepe hakina waya, lakini kinadai nidhamu ile ile inayodaiwa na kifaa chenye waya. Anayebuni amri aanze kwa kuorodhesha hali na njia zinazoruhusiwa. Ataje hali anayoitaka. Atenge ombi na shuruti. Asubiri taarifa ya kutimia. Na akiwa na shaka, aulize. Mwanafunzi atakayezoea utaratibu huo mbele ya diski ya kuigiza hatapata taabu siku atakapokabidhiwa pampu ya maji, mtambo wa hospitali au swichi ya umeme wa kijiji kizima. Huko nako jibu la "amri imepokelewa" litamjia upesi, naye atajua kwamba kazi bado haijakwisha.